Behewa Lililopotea Bomani

Mezani palikuwa na pengo. Treni ya Bwana Lamprekti ilisimama juu ya reli yake ya duara vile vile ilivyoachwa jana, kichwa mbele, mabehewa ya mizigo nyuma, lakini katikati behewa moja halikuwapo. Kulabu ya behewa la mbele ilining'inia bila kushika kitu.

Shaushi Bakili alisimama mlangoni. Hakugusa chochote. Alikuwa sajini wa askari wa boma, Myao wa Tunduru, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na kila kilichopotea katika boma la Songea, iwe risasi au mbuzi, kilitafutwa na yeye.

"Lililopotea ni lipi, Bwana?"

"La wazi. Lisilo na paa." Bwana Lamprekti, msimamizi wa ghala la boma, alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Na mwizi ninaye tayari. Kajetani."

"Kajetani mpishi?"

"Nimemkuta na mahindi mfukoni. Mahindi ya behewa hilo hilo! Wewe unataka ushahidi gani mwingine?"

Bakili alijua kwamba Bwana huyu akiuliza hivyo hataki jibu.

Sasa usije ukadhani nasema treni ya kweli. Songea nzima hakuna aliyewahi kuiona treni ya kweli, ila wale waliopelekwa pwani na minyororo baada ya vita vya Maji Maji, na wengi wa hao hawakurudi kusimulia. Hii ilikuwa ya bati, ya kukaa mezani, imeletwa kutoka Ujerumani ndani ya sanduku lenye maranda. Lakini ilikuwa na ufundi! Kichwa chake kilikuwa na birika dogo la maji, chini yake taa ya spiriti. Ukiwasha, maji yanachemka, mvuke unatoka puu, puu, na gari linazunguka lenyewe likivuta mabehewa.

Juzi yake Bwana Lamprekti alikuwa amewaita majumbe wa vijijini akawaonyesha. Siku moja, alisema, reli itatoka Kilwa mpaka ziwa Nyasa, na hamtabeba tena mizigo kichwani. Ili waelewe vizuri, akayajaza yale mabehewa mahindi ya kweli. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa njaa. Mashamba yalikuwa yamechomwa, ghala zimechomwa, watu wanachimba ming'oko porini wapate cha kutia tumboni. Wazee wale wakakaa kimya wanayatazama mahindi yanavyozunguka meza. Jamani! Kuna mizaha mingine hata anayeifanya hajui kuwa anafanya mzaha.

"Behewa lisiporudi kabla msafara wa pwani haujaondoka kesho kutwa," alisema Bwana Lamprekti, "Kajetani atakula hamsa ishirini za kiboko, kisha atakwenda na msafara. Mnyororo shingoni. Kwenye kazi ya reli."

"Kwa kichezeo, Bwana?"

Ulimi ulimponyoka. Bwana Lamprekti akamkazia macho.

"Shaushi, miaka miwili iliyopita watu hawa walikunywa maji wakasema risasi haziwapati. Leo wanaiba chuma ndani ya nyumba yangu. Najuaje wanakwenda kukifanyia dawa gani? Tafuta."

Bakili akainamia meza. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa hili: juu ya kitambaa cha meza palikuwa na kilundo cha mahindi. Hayakumwagwa ovyo. Yalikuwa yamekusanywa vizuri na mkono wa mtu, hakuna punje iliyobiringikia pembeni. Jambo la pili lilikuwa sakafuni. Sakafu ya udongo, iliyosiribwa karibuni, ilikuwa na duara bichi la maji pembeni mwa meza, upana wa kitako cha mtungi.

Akanyanyuka, akaenda mahabusu.

Kajetani alikuwa amekaa ukutani na magoti kifuani. Kijana wa misheni, mwembamba, mashavu yamezama. Alipomwona Bakili akajaribu kusimama.

"Shikamoo, Shaushi."

"Marahaba. Kaa. Behewa liko wapi?"

"Sijui, Shaushi. Naapa kwa Mama Maria."

"Mahindi ya mfukoni umeyatoa wapi?"

Kajetani akatazama chini.

"Kajetani, muda ninao kidogo, na wewe unao mdogo zaidi. Umeyatoa wapi?"

"Mezani."

"Ndani ya behewa?"

"Hapana. Nilipoingia kufagia behewa lilikuwa limeshaondoka. Mahindi yalikuwa juu ya kitambaa, yamewekwa lundo. Nikasema moyoni, haya ya nani sasa? Nikala kiganja kimoja, mabichi hivyo hivyo. Kingine nikatia mfukoni nimpelekee mke wangu. Ana mimba, Shaushi."

"Kwa nini hukupiga kelele kwamba behewa limeibiwa?"

"Nilikuwa natafuna."

Bakili alitaka kucheka, akaacha. Mtu anakwenda kufungwa mnyororo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

"Wewe huteka maji?"

"Mimi? Kazi ya wanawake wa boma hiyo. Wanaleta asubuhi, wanamimina kwenye pipa la barazani."

"Leo walikuja?"

"Walikuja. Mimi nilikuwa jikoni, Bwana alikuwa barazani kwa mashauri."

Bakili aliondoka bila kumwahidi kitu. Njiani alikuwa akijisemea mwenyewe. Mwizi wa kawaida angechukua kichwa cha treni, chenye shaba ing'aayo. Mwizi mwenye njaa angechukua mahindi, na behewa angeliacha. Huyu kachukua bati tupu lisilo na paa, na mahindi, mwaka kama huu, kayaweka chini taratibu kana kwamba ni mali ya mwenyewe. Huyu si mwizi wa tumbo. Ni mwizi wa nini basi?

Langoni alimkuta askari Abasi, Mmrima wa Kilwa, mtu wa maneno mengi kuliko risasi zake.

"Abasi, leo umempekua nani?"

"Kila mwenye kikapu, Shaushi. Kila mwenye furushi. Hata kanzu ya mwalimu wa misheni nimeipapasa, akakasirika!"

"Na wanawake wa maji?"

"Mtungi wa nini kuupekua? Wanaingia na maji, wanatoka na mitungi mitupu."

"Umeangalia ndani kama ni mitupu?"

"Shaushi, unanitania. Mtungi mtupu unauona tu anavyotembea aliyeubeba. Shingo imelegea." Kisha akajikuna. "Ila kulikuwa na yule mmoja."

"Yupi?"

"Mrefu. Mwenye nywele za msiba, timutimu, hajazichana sijui tangu lini. Alitoka na majani kwenye mtungi."

Bakili akamgeukia. "Sema tena."

"Majani, Shaushi. Yamechungulia juu ya mdomo wa mtungi. Nikamtania, 'Shemeji, unayarudisha maji mtoni?' Siku zote hunijibu, tena kwa ukali, naye ni mtani wangu. Leo hakufungua mdomo."

"Na hukuliona hilo kuwa ni jambo?"

"Nililiona kuwa ameninunia."

Subhanallah! Askari mzima na bunduki yake, anawaza kununiwa. Kila mtu Songea anajua mwanamke akijaza mtungi mtoni hutupia majani mabichi juu ya maji, ili akitembea yasirukeruke yakamlowesha. Akifika, huyatoa majani kwanza, ndipo amimine. Mtungi mtupu hauna kazi na majani, labda kama kuna kitu chini yake.

"Wewe Abasi," alisema Bakili, "siku ukifa tutakuzika na mdomo wako wazi, hauwezi kufungika."

"Nimekosa nini tena?"

Bakili alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi ya pili alishuka mtoni mapema. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao ukingoni. Walipomwona wakanyamaza wote. Mmoja, mwenye tumbo kubwa, aliweka mtungi chini akamjia mbio mbio. Alikuwa Lidwina, mke wa Kajetani.

"Shaushi, nakuomba. Usiniachie mume wangu aende pwani. Kaka yangu alikwenda, hakurudi. Mjomba wangu alikwenda, hakurudi. Huyu ndiye amebaki."

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Nisaidie nimsaidie. Kuna mwenzenu mrefu, mwenye nywele za msiba. Simwoni."

"Walburga? Wa Ruhuwiko?"

"Kwa nini hakuja?"

"Yuko msibani. Amenyolewa jana jioni, yeye na mama mkwe wake. Wamekaa tanga."

"Nani amekufa?"

"Mumewe. Luambano."

"Lini?"

Lidwina akajifuta macho. "Zamani, Shaushi. Kabla ya mvua. Alikufa huko huko kwenye reli."

"Alikufa kabla ya mvua, mkewe ananyolewa jana?"

"Walikuwa hawajapata cha kuzika. Sisi huku mtu akifia mbali, anazikwa kwa kitu kilichomgusa mwisho. Nguo yake, fimbo yake, chochote. Bila hivyo mjane hanyolewi, na marehemu naye anabaki njiani, hafiki. Wakangoja, wakangoja. Jana tumesikia kimepatikana."

"Kitu gani?"

"Sikuuliza. Mwenyewe nina msiba wangu."

Bakili alisimama pale ukingoni. Alikuwa ameipata njia yote, mwanzo mpaka mwisho, na hakufurahi hata kidogo. Katika kazi yake alizoea kumwonea mwizi hasira, na hasira ilimsaidia kwenda. Sasa aliitafuta hasira hiyo asiipate.

"Huyo Walburga anajua kwamba Kajetani amekamatwa?" aliuliza.

"Nani ampelekee mfiwa habari za boma? Hajui."

Akamwachia Abasi bunduki yake, akaenda Ruhuwiko peke yake.

Kijiji kilikuwa vibanda vichache vilivyosimamishwa upya kati ya vingi vilivyochomwa. Nguzo nyeusi zilikuwa bado zimesimama. Bakili alizipita akitazama mbele tu, maana wakati wa kuchoma alikuwa upande wa wenye bunduki, na kila mtu Ruhuwiko alilijua hilo.

Walburga alikuwa amekaa nje ya kibanda cha mwisho, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Pembeni yake alikaa bibi mzee, naye kanyolewa. Nyuma yao, chini ya ukuta, palikuwa na tuta la udongo mbichi, fupi, kama kaburi la mtoto mchanga.

Bakili alivua kofia, akachuchumaa. Akasema nao kwa Kingoni, lugha aliyojifunza miaka mingi ya kukaa Songea, kwa sababu Walburga Kiswahili hakukijua ila maneno ya sokoni na ya utani.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumepoa," alisema Walburga.

"Mnamlilia nani?"

"Mume wangu."

"Nani kaleta habari zake?"

"Osmund. Walifungwa mnyororo mmoja. Yeye alirudi na mkono umesagika, hauna vidole."

"Na mwili kauleta nani?"

Yule bibi akaanza kuyumbayumba mahali alipokaa.

"Mama, hapo pamezikwa nini?"

"Mwanangu," alijibu bibi, kabla mkwewe hajafungua mdomo. "Hapo yuko mwanangu. Wewe ulishamchukua mara moja. Nenda zako."

Bakili aliinamisha kichwa. Kisha akasema, taratibu:

"Walburga, nisikilize. Sikuja kukufunga. Nimekuja kukupa habari usiyoijua. Kajetani mpishi, mume wa Lidwina, yuko mahabusu kwa ajili ya behewa la Bwana Lamprekti. Lisiporudi leo, kesho anakwenda pwani na msafara. Kwenye reli ile ile."

Walburga alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Kajetani? Kafanya nini Kajetani?"

"Hakufanya kitu. Kakutwa na mahindi uliyoyaacha mezani."

"Ayiii!" Mkono ukaenda mdomoni. "Si yeye! Ni mimi. Mimi ndiye, Shaushi, mimi mwenyewe, Kajetani hakuwapo hata chumbani!"

"Ulilitoaje?"

"Kwenye mtungi. Nikaweka majani juu."

"Kwa nini lile, na si jingine?"

Walburga aliyavuta magoti yake, akaikunja mikono juu yake. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda shambani.

"Osmund alituambia Luambano kafa kwa kubanwa na behewa. Mimi nikamwuliza, behewa ni nini? Akasema ni kama sanduku lenye magurudumu. Nikajitahidi kuliona kichwani, silioni. Sanduku linamuuaje mtu, mtu mzima mwenye nguvu kama yule? Kila siku nauliza, Osmund anaeleza, mimi silioni. Mume wangu amekufa na sijui amekufaje. Unalijua hilo, Shaushi, lilivyo?

"Halafu siku ile ya majumbe nikaleta maji. Mlango ulikuwa wazi. Nikaona lile gari linazunguka. Bwana akalisimamisha kwa mkono, na yale masanduku ya nyuma yakaja yakagonga ya mbele. Tak! Pale yanapokutana pana vitu viwili kama vichwa vya nyundo. Hapo ndipo Luambano alikuwa amesimama. Osmund alisema alikuwa anafunga mnyororo katikati, gari likarudi nyuma. Nikaona. Kwa macho yangu nikaona mume wangu anakufa, Shaushi, pale mezani, na mahindi yanaruka."

Bibi mzee alikuwa analia bila sauti.

"Osmund alisema hawakumchimbia kaburi. Walikuwa wanajenga tuta la reli. Wakamlaza pale pale na mabehewa yakammwagia udongo, behewa la wazi, lisilo na paa, na kesho yake treni ikapita juu. Nitapata wapi nguo yake? Nitapata wapi fimbo? Kilichomgusa mwisho ni behewa. Basi nikalifuata."

"Na mahindi? Njaa unayo, mama. Kwa nini uliyaacha?"

Kwa mara ya kwanza macho yake yaliwaka.

"Mahindi ni ya Bwana. Ningekuwa mwizi. Mimi nilikwenda kumchukua mume wangu."

Bakili alikuwa ameuliza maswali ya namna hii miaka yake yote ya kazi. Jibu kama hilo hakuwahi kulipata. Alitazama kando, kwenye zile nguzo nyeusi, machozi yakamtoka, akayaacha.

"Basi sasa tutafanyaje?" aliuliza, na lilikuwa swali la kweli.

Walburga akasimama. Akaenda ukutani akachukua jembe.

Bibi alimwona. Akajitupa juu ya lile tuta, mikono kaieneza kama kuku anayefunika vifaranga.

"Hapana! Mmemfikisha jana tu! Jana tu kalala! Mwache alale, Walburga, mwache mwanangu!"

"Mau, mama yangu, toka."

"Sitoki! Nizike naye!"

"Mau." Walburga aliweka jembe chini akapiga magoti, akamshika mabega. "Huyo Kajetani naye ana mama. Huyu wetu ameshakufa, hawezi kufa tena. Yule bado. Unataka Lidwina naye aje kuulizia behewa ni nini?"

Bibi alilia mpaka nguvu zikamwishia. Ndipo mkwewe akamnyanyua, akamkalisha pembeni, akamfunika mgongo kwa nguo.

Bakili alinyoosha mkono apokee jembe. Walburga akakataa.

"Wewe usimguse," alisema.

Alichimba mwenyewe. Behewa lilitoka limefungwa ndani ya kipande cha kaniki, limelazwa kuelekea wanakolala wazee wao. Ndani lilikuwa limejaa udongo mpaka juu.

"Udongo wa mlangoni kwake," alisema. "Nilitaka aonje wa nyumbani, si ule wa reli peke yake."

Walifika boma jua likiwa la utosi. Langoni Abasi alimtazama Walburga na kichwa chake kilichonyolewa, akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona Abasi hana neno.

Bwana Lamprekti alikuwa mezani kwake, mbele ya treni yake yenye pengo. Bakili alipiga saluti, akaweka kaniki mezani, akaifungua.

"Aha!" Mzungu alilinyakua behewa. Akalizungushia macho, magurudumu, kulabu, kila upande. "Halikuvunjika. Lilikuwa wapi?"

"Ruhuwiko, Bwana. Lilizikwa."

"Limefichwa, unataka kusema."

"Hapana, Bwana. Lilizikwa. Na matanga yakakaliwa."

Akamweleza yote, kwa Kiswahili kifupi cha kazini, neno kwa neno kama alivyosikia: Luambano, mnyororo, tuta la reli, mkono wa Osmund. Hakuongeza wala hakupunguza. Walburga alisimama karibu na mlango, hajui wanasema nini, anatazama mdomo wa huyu na wa yule.

Bakili alipomaliza, wekundu ulikuwa umemtoka Bwana Lamprekti usoni. Alilizungusha behewa mikononi, akapuliza udongo kwenye gurudumu, akafuta kwa kidole gumba. Kisha akatikisa kichwa.

"Lakini hili silo," alisema.

"Silo vipi, Bwana?"

"Hili ni behewa la kwetu. La nyumbani, Ujerumani, la makaa ya mawe. Lina breki huku, unaona? Na njia yake ya reli ni pana. Kule pwani kwenye kazi ya tuta hawatumii haya kabisa. Wanatumia vigari vidogo vya chuma, vya kusukuma, vinavyopinduka ubavu kumwaga udongo. Havifanani! Hata kidogo havifanani." Alikuwa anaeleza kwa bidii, kama mwalimu. "Mwambie. Ni vizuri ajue. Alichozika hakikumgusa mumewe kamwe. Hakuna hata kimoja Afrika nzima. Mwambie asihuzunike kwa kitu kisicho chenyewe."

Na ubaya wenyewe ni kwamba alisema kwa huruma. Aliamini anampa mtu faraja.

"Na adhabu yake, Bwana?"

"Mwanamke simchapi. Atateka maji ya boma mwezi mzima."

"Anateka maji ya boma tangu vita viishe, Bwana."

Mzungu aligeukia dirisha. "Basi na aendelee. Mpishi mfungulie. Nenda, mwambie hayo niliyosema."

Akalipindua behewa amwage udongo sakafuni.

"Bwana, ngoja!"

Sauti ya Bakili ilikuwa ya amri, na haikumfaa shaushi mbele ya Mzungu. Lakini Bwana Lamprekti alingoja. Walburga alikuwa ameshapiga magoti mbele ya meza, amekinga ncha ya nguo yake kwa mikono miwili. Mzungu akamtazama, kisha akamimina pale, polepole, akagonga kitako cha behewa mara moja na nyingine ili kisibaki kitu. Walburga akafunga fundo.

Wakatoka barazani. Jua lilikuwa kali, na kutoka upande wa ghala zilisikika sauti za watu wakifunga mizigo ya msafara. Walburga akasimama.

"Kajetani?"

"Anatoka sasa hivi. Namfungulia mwenyewe."

"Yule Mzungu amesema maneno mengi," alisema Walburga. "Alikuwa ameshika behewa, anaonyesha huku, anaonyesha huku. Amesema nini?"

Bakili alimtazama. Alikuwa mtu wa sala tano, na tangu aingie kazi hii hakuwahi kupeleka maneno ya mtu tofauti na yalivyosemwa. Ndiyo heshima aliyokuwa nayo bomani, na ilikuwa yote aliyokuwa nayo.

"Amesema ndilo lenyewe," alijibu.

Walburga alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, macho yake kwenye lile fundo.

"Nilijua," alisema. "Mama akiniuliza tunazika udongo gani tena, nitamwambia ulikuwa ndani yake, na Mzungu mwenyewe amekiri."

"Mwambie hivyo, mama," alisema Bakili, akaenda mahabusu na funguo mkononi.